Kilomita chache ni sifa ya Ferrari, si ya Legacy B4

"Fundi, hii gari haijatembea." Wateja wengi hutuanzia hapo wanapoleta Subaru Legacy B4 ya zamani tuikague kabla ya kulipa. Mita inasoma 90,000 na muuzaji amepandisha bei kwa sababu hiyo hiyo. Kuhesabu kilomita namna hii ni desturi ya wenye magari ya kuhifadhi, na kwao ina maana.

Chukua Ferrari F40. Ilitengenezwa kati ya 1987 na 1992, takriban 1,300 tu duniani kote. Ina injini ya V8 (silinda nane) ya lita 2.9 yenye tabo mbili (turbo, feni zinazosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), inapita kilomita 320 kwa saa, lakini ndani haina hata redio, na mlango unaufungua kwa kuvuta kamba. Leo mnadani inapita dola milioni 2, na kila kilomita inayoongezeka huishusha thamani. Mwenye nayo ameweka hazina, hajanunua usafiri. Hata hivyo, hazina hiyo inakula pesa ikiwa imelala: matangi yake ya mafuta ni mifuko ya mpira ambayo huzeeka na kuhitaji kubadilishwa, itembee isitembee. (Kuiagiza Kenya usahau. Zote zilitoka kiwandani na usukani wa kushoto, na gari la kuagizwa halitakiwi kuzidi miaka 8.)

B4 ya 1998 hadi 2003 ni habari nyingine. Injini ya lita 2, tabo mbili, nguvu farasi 280 kwa ile ya gia za mkono. Tabo moja huanza, ya pili huingia baadaye, na mizunguko ya injini ikikaribia 4,500 kwa dakika gari huzubaa kidogo. Usiogope, ndivyo lilivyozaliwa.

Cha kuogopa ni oili. Tabo zinapikwa na moto, na oili ndiyo inayozipoza na kuzilainisha. Ikichakaa au ikipungua, beringi za krenki ndizo hulia kwanza. Hapa Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo tabo huzunguka kwa kasi zaidi kutafuta presha ile ile. Nalo gari lililoegeshwa miaka mingi sili zake hukauka, na mkanda wa taimingi huzeeka hata bila safari. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Mimi ningechukua lenye kilomita 160,000 na risiti za oili kila 5,000, niliache hilo la 90,000 lisilo na karatasi. Mita yenyewe hurudishwa nyuma, tunajua.

Tukikukagulia, gari hulala kwetu. Asubuhi tunaliwasha likiwa baridi kabisa, tunasikiliza mlio wa kugonga chini ya injini, tunapima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), kisha tunakata filta ya oili tuone kama ina chembe za chuma. Baadaye tunalipandisha njia ya Menengai na kuangalia tangi la maji ya rejeta: likitoa mapovu, gasketi ya silindahedi imekwisha, na kwa injini hii mara nyingi ni kuiteremsha nzima. Hapo mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Muuzaji akikataa gari lilale, tutamfuata kwake alfajiri kabla hajaliwasha. Akikataa na hilo, rudi nyumbani na pesa zako.