Barua ya wazi kwa wanangu wanne mnaooa kabla ya mwaka kwisha

Wanangu,

Asalaam aleikum, na kwa ninyi wawili wa upande wa kanisa, Bwana Yesu asifiwe.

Kadi zenu za michango nimezipata zote nne. Nimefurahi, wallahi. Muda mrefu sasa turubai la mtaa wetu linatoka stoo kwa ajili ya misiba tu, na viti vile vya plastiki vimezoea vilio. Acha navyo visikie vigelegele.

Ila kadi zile nilizisoma mara ya pili, kwa miwani. Ukumbi umo. Rangi ya sare imo. Namba za mweka hazina zimo, za mitandao mitatu. Juzi nikakutana na mmoja wenu kwa muuza kahawa (simtaji, mwenyewe anajijua), nikamwuliza, "Baba, ukumbi tumeuona. Jumatatu yake mwenzio atapikia wapi?" Akacheka, akanishika bega, akasema, "Mzee wangu, hilo tutalijua harusi ikishapita." Nikalipa kahawa zote mbili, nikarudi nyumbani kutafuta kalamu.

Mnanijua. Nimetumwa ushenga mara tisa, na kwenye vikao vya kamati nimekunywa soda mpaka daktari akanikataza. Sina ugomvi na sherehe. Nina ugomvi na hiyo Jumatatu.

Mimi nilioa Tanga mwaka 1983, mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na aliyekutwa na magunia ndani ya nyumba alikuwa na maelezo ya kutoa. Mama yangu aliikusanya sukari ya chai ya harusi yangu kilo moja moja kwa majirani, miezi mitatu, akiitia kwenye mtungi. Huo ndio mchango niliokulia: kilo ya sukari, pishi ya mchele, mzigo wa kuni, mbuzi wa mjomba. Ulionekana ukiingia mlangoni.

Kosa langu lilikuwa jingine. Nilitaka wakwe waone sebule. Nikachukua makochi mawili na meza kwa fundi seremala, kwa mali kauli, nikamwahidi kumlipa kwa fedha za tunzo. Tunzo hazikufika hata nusu ya deni. Siku ya tatu ya fungate fundi akaja na mkokoteni. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kochi mojawapo, amejifunga kanga mpya, hina haijaanza kufifia. Akainuka, akasogea pembeni, akayatazama yakibebwa. Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Na kabati je, nalo la nani?"

Kabati lilikuwa langu. Lakini ilipita miaka mingi kabla hajaacha kunitazama usoni kila ninaposema kitu ni changu.

Sasa tuje kwenye hizo kamati zenu. Kamati ni jambo jema, na mtu asiwadanganye kwamba ni anasa za mjini. Ni ule ule mtungi wa mama yangu, umebadilishwa sura. Tatizo ni ahadi. Daftari la mweka hazina lina safu mbili, ya ahadi na ya fedha taslimu, na bwana harusi hupenda kusoma ile ya kwanza. Usiisome. Katika kamati zote nilizokaa sijaona hata moja ambayo safu zile mbili zililingana siku ya harusi. Mtu anaahidi laki mbili kikaoni kwa sababu aliyekaa kushoto kwake kaahidi laki na nusu. Wiki ya mwisho simu yake haipatikani, na siku ya sherehe anakuja na kadi ya dabo, yeye na mkewe, anakula kuku. Mtamfanya nini? Mtamfukuza?

Kwa hiyo mkipanga, pangeni kwa fedha iliyokwisha kuingia na iliyo mikononi mwenu wenyewe. Ukumbi usilipiwe malipo ya awali kwa ahadi. Mpishi asihesabiwe sahani kwa ahadi. Zikizidi, ongezeni soda. Mwenyekiti wa kamati akikuambia "usijali, watu watalipa", mwombe kwa heshima aandike kwa jina lake kwamba upungufu ataubeba yeye, kisha uone kama hatapunguza bajeti papo hapo. Maana harusi ikipita kamati inavunjwa, wanakamati wanapiga picha ya mwisho, na mwenye ukumbi na mpiga video wanajua nyumba moja tu ya kugonga hodi. Yako.

Na daftari lile msilitupe. Kila jina lililomo litawaletea kadi siku moja, yeye au mwanawe, na litatazamia kukuta mkono wenu. Wekeni pamoja na vyeti.

Nije kwenye kodi, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Sema umepata vyumba viwili huku kwetu kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam hajui habari ya mwezi mmoja mmoja. Anataka miezi sita kwa mkupuo, na wengine mwaka mzima. Hiyo ni 900,000. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja, umefika 1,050,000, na hujanunua mtungi wa gesi, godoro, ndoo wala chandarua. Fedha hiyo haipo kwenye bajeti ya kamati yoyote niliyowahi kuiona. Inatakiwa itoke kwako, na itoke kabla hujamlipa mpambaji hata senti. Nimemwona kijana, fundi hodari kabisa, aliyeingia ukumbini kwa gari la maua, na mwezi uliofuata akamrudisha mke kwa wazazi wake "kwa muda" mpaka apate chumba. Muda huo ulikwenda miezi saba. Shela lilikuwa limening'inia kwa mama mkwe kila mgeni akiingia analiona.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume ampatie mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo na hali yake. Nimeisoma mara kadhaa kwa ajili ya kazi hii ya ushenga. Mshereheshaji hakutajwa.

Kama mtaanzia kwa wazazi, si aibu, wengi wetu tulianzia huko. Lakini mwambie binti mapema, umwoneshe na chumba chenyewe, na umwulize mama yako mzazi kama ameridhika kwa moyo, siyo kwa mdomo. Asije akakuta jikoni mna mafiga ya watu wawili.

Kuhusu posa nitasema machache, maana watatu kati yenu mmekwisha kupeleka barua na majibu yamerudi. Wewe uliyebaki, usimchague mshenga kwa kuwa ana gari au anajua kuchekesha. Mchague anayeweza kunyamaza. Ukweni kuna maneno husemwa ili kumjaribu mtu, na mshenga mwepesi wa kujibu amevunja posa nyingi kuliko umaskini. Na ikitajwa orodha, isomeni kwa adabu, msione kama mnauziwa. Kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko: vitu hivi vina maana yake. Mkaja ni kitambaa alichojifunga tumbo mama yule baada ya kumzaa huyo unayemtaka. Ubeleko ndio aliombebea mgongoni. Ukishajua hivyo, elfu hamsini ya mkaja hutaiita usumbufu. Kikizidi uwezo, mshenga ataomba kupunguziwa, au kulipa kidogo kidogo. Wazee wengi huchukua sehemu na kuacha deni la kuwarudisha ukweni. Mimi mwenyewe bado nadaiwa mbuzi mmoja huko Pangani, na anayenidai amefariki.

Ninyi wawili wa kwetu kumbukeni jambo ambalo waswahili tumelichanganya makusudi. Mahari ni ya bibi harusi mwenyewe. Surat An-Nisaa, aya ya nne, inasema wapeni wanawake mahari yao. Sio ya baba, sio ya wajomba, sio ya kununulia mchele wa walima. Muulizeni yeye anataka nini, na mkishampa msiitolee macho. Binti mmoja niliyemshengea aliomba cherehani. Watu walinong'ona kwamba amejishusha. Cherehani ile imesomesha watoto wawili.

Sasa yale yasiyozungumzwa kikaoni. Kaa na mchumba wako mahali patulivu, bila simu, umweleze unadaiwa nini na nani. Mkopo wa bodaboda, mkopo wa kazini, ile mikopo ya kwenye simu mnayoichukua usiku, vyote. Kama una mtoto, mtaje kwa jina na umri, na useme unamhudumiaje. Msingoje shangazi mmoja aje aliseme kwenye kicheni pati akidhani binti anajua. Na ninyi Waislamu, sheria ya nchi inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa inayoruhusu zaidi. Kama moyoni unajua utaongeza, au huna nia hiyo kamwe, mwambie leo. Mwanamke asijulishwe msimamo wa mumewe na majirani.

Kapimeni pia. Mnadhani nasema virusi vya ukimwi tu. Hivyo vipimeni, ndiyo, lakini na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wote wawili mkiwa mmebeba vinasaba vyake bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Sisemi mwachane, hilo ni lenu. Nasema mjue, ili homa na maumivu ya mifupa ya mtoto yasije yakaitwa uchawi wa bibi yake. Nimezika mjukuu wa rafiki yangu kwa jina hilo la uchawi, na bibi yule hakuwahi kurudi kwenye nyumba ya mwanawe.

Karatasi. Ninyi wa kanisani mnahitaji cheti cha ubatizo, mafundisho ya ndoa na matangazo ya Jumapili tatu. Kama mlibatizwa mkoani, anzeni kukifuatilia cheti sasa, msingoje wiki ya harusi mkaanza kumpigia katibu wa parokia usiku. Sheria nayo inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla. Ninyi wa msikitini hakikisheni shehe anayefungisha ana mamlaka ya kusajili na kwamba cheti kinatoka, kinashikwa mkononi, majina yameandikwa kama kwenye kitambulisho. Herufi moja ikipinda leo, siku unataka kumwingiza mwenzio kwenye bima ya afya utapanda ngazi za ofisi mpaka viatu viishe.

Suti, viatu, kucheza kuingia ukumbini: sina la kusema. Mnajua kuliko mimi. Ila usiku wa kuamkia harusi laleni, na wapambe wenu wasiwapeleke popote. Asubuhi kuleni kitu kizito. Nimemdaka bwana harusi mmoja kwa kola akianguka mbele ya kadhi, na ukweni mpaka leo wanasema alikuwa na kifafa, kumbe alikuwa na njaa.

Na mwulizeni bibi harusi anaogopa nini. Ninyi mmekuwa mkizungukwa na kamati ya wanaume wanaowapongeza. Yeye amezungukwa na makungwi na mashangazi wanaomwambia avumilie. Kuna mengine hakutakiwa kuambiwa avumilie. Sheria ile ile ya 1971 haimpi mume wala mke ruhusa ya kumpiga mwenzake. Mhakikishie hilo kwa kinywa chako, kabla hajahama kwao.

Mtaona kwamba kwenye daftari zenu zote nne jina langu lina ahadi na upande wa pili pako wazi. Mweka hazina mmoja amenikumbusha mara tatu, na ana haki. Fedha ninayo, imegawanywa mafungu manne, imo kwenye bahasha. Jumamosi ijayo baada ya swala ya alasiri nitakuwa kibarazani. Njooni mmoja mmoja, kila mtu na risiti ya kodi ya nyumba anayohamia, au barua ya mzazi kwamba chumba kipo. Atakayekuja na risiti nitampa bahasha yake mkononi. Asiye nayo aje vilevile, tukae, tutoke pamoja tukamwone mwenye nyumba; fungu lake nitalilipa huko huko.

Mimi mzee wenu,
wa nyumba ya mwembe, Temeke