Watafiti na maofisa forodha wakae meza moja

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa fedha zinazotoroshwa kiharamu kutoka nchi zinazoendelea, takwimu ni zilezile. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki, rais wa zamani wa Afrika Kusini, lilisema mwaka 2015 kwamba Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka. Mwaka 2020 UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, ikayafikisha makadirio hayo dola bilioni 88.6. Sibishi kwamba hasara ni kubwa mno. Nauliza tu: kati ya wanaozitaja, ni wangapi waliowahi kukaa na ofisa forodha wakamuuliza fedha hizo hupitia wapi?

Angewaonyesha ankara. Kampuni inaagiza mtambo wa dola milioni moja kutoka kampuni ndugu, yaani ya mmiliki yuleyule, iliyoko ng'ambo, ankara inaandikwa milioni tatu. Benki inalipa, nyaraka zote zina mihuri, na milioni mbili za ziada zinabaki hukohuko. Ofisa ana ankara hiyo mkononi na foleni ya makontena inayomsubiri, wala hana pa kulinganishia bei ya mtambo wa aina ile.

Watafiti wasiopewa ankara hulazimika kulinganisha takwimu za nchi mbili, muuzaji na mnunuzi, na pengo likionekana huhesabiwa kuwa fedha zilizotoroshwa. Mwaka 2016 ripoti ya UNCTAD ilidai dhahabu ya Afrika Kusini ya zaidi ya dola bilioni 70 ilikuwa imeuzwa nje bila kuandikwa ipasavyo. Wakosoaji wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya pengo ilitokana na jinsi nchi hiyo ilivyorekodi dhahabu yake, bila kuonyesha ilikopelekwa. Wanaotakatisha fedha kweli hufurahia makosa ya namna hii, maana huwapa hoja ya kuzikanusha hata takwimu zilizo sahihi. Kuzungumza na watunza takwimu kabla ya kuchapisha kungeepusha hayo.

Nyaraka zikifunguliwa, mambo hubadilika. Nchini Msumbiji, mikopo ya siri ya takriban dola bilioni 2 ilichukuliwa mwaka 2013 na 2014 kwa ajili ya boti za uvuvi na ulinzi wa pwani. Ukaguzi huru wa mwaka 2017 ulipopitia bei, ulikuta tofauti ya zaidi ya dola milioni 700 kati ya zilizotozwa na makadirio ya mtaalamu. Hata hapo wakaguzi walilalamika kwamba walinyimwa baadhi ya taarifa. Wananchi walikwishaanza kubeba mzigo wa deni ambalo bunge lao halikuliidhinisha.

Kwa hiyo naziomba serikali ziwape watafiti wa vyuo vya ndani kumbukumbu za forodha, majina ya kampuni yakifichwa pale sheria inapodai. Watafiti nao wapeleke matokeo bandarini kwanza, kwa watu wanaokagua ankara, kabla ya kuyapeleka kwenye makongamano. Na wafadhili wanaogharimia makongamano hayo watenge sehemu ya fedha kwa kanzidata ya bei ambayo ofisa forodha anaweza kuifungua akiwa kazini, kontena likiwa bado mbele yake.

Msomaji wenu