Alhamisi: kusanyiko la mtaa wa Azusa

Bwana asifiwe wapendwa. Alhamisi baada ya maombi tutaanza historia ya lile kusanyiko dogo la Los Angeles, Marekani, mwaka 1906, lililochochea uamsho wa Kipentekoste. Walianzia sebuleni kwa watu, nyumba ya mtaa wa Bonnie Brae. Walipofurika hadi barazani wakahamia Azusa, kwenye kanisa kuukuu lililokuwa limegeuzwa zizi. Mimbari ilikuwa makasha ya mbao yaliyopandanishwa, na mchungaji William Seymour, mtoto wa waliokuwa watumwa, aliinamisha kichwa humo ndani akiomba. Hapo huwa machozi yananilenga. Weusi na weupe wakapiga magoti pamoja, enzi zile za ubaguzi!

Mama zetu mnaokumbuka kanisa letu likisali chini ya mwembe, tafadhali msikose. Picha za zamani mje nazo.