Rangi Zikimbie Ziende Wapi?

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, nami sijambo. Unalalamika kwamba ulifungua kamusi ya Kiingereza kutafuta "run", neno la herufi 3, ukidhani ni kukimbia basi, ukakuta maana safu kwa safu hadi ukaifunga. Usikate tamaa. Neno hilo limewatoa jasho hata wenyewe. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford, mhariri Peter Gilliver alilishughulikia kwa miezi 9 hivi, akatoka na maana 645, tena za kitenzi tu! Kabla ya hapo ubingwa ulikuwa wa "set", lililopewa maana 430 hivi katika toleo la 1989.

Sasa sikiliza kisa cha juzi. Nimenunua shuka jekundu la mtumba, pembeni lina lebo: "colours may run". Binti yangu, yuko darasa la 5 sasa, akaisoma kwa sauti, akafasiri: "Rangi zinaweza kukimbia." Kisha akaniuliza, zikimbie ziende wapi? Swali zuri mno. Sikumjibu. Nikaleta beseni, tukaliloweka. Dakika chache tu maji yamekuwa kama juisi ya rosela. Akachovya kidole, akakitazama, akasema mwenyewe, "Kumbe linachuja!"

Hapo nikaliona kosa letu la tangu shule. Tulikaririshwa kwamba "run" ni kukimbia, basi. Kidato cha kwanza niliandika yule bwana "anakimbia duka", kumbe duka ni lake, analiendesha. Nikawekewa kosa kwa wino mwekundu bila kuelezwa sababu, na iliniuma. Sisi rangi huchuja, kamasi hutiririka, injini huunguruma, mwanasiasa hugombea, sukari huisha. Mwingereza yote hayo humtwika "run" mmoja.

Nasi tunalo letu, piga. Nani alikufundisha kwamba kwenye kupiga pasi hakuna kipigo? Hakuna. Ulilisikia neno likiwa na pasi yake, likakukaa.

Kwa hiyo katika daftari lako usiliandike "run" peke yake. Liandike na duka, na pua, na uchaguzi, kila moja na Kiswahili chake kando. Matano kwa wiki yanatosha, ukiniletea nitayapitia.

Shuka nimelianika. Maji ya tatu bado yalikuwa na wekundu, nitalifua peke yake kwanza.

Nisalimie mama na watoto.

Ni mimi, shoga yako