Baba, kuhusu swali lako la Warusi na Waukraine

Wrocław, Poland

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Natumai barua hii itawakuta salama wewe, mama na wote hapo Tanga. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi imeshaanza kuuma. Pesa ya dawa za bibi nimeituma juzi, naomba mnijulishe ikifika.

Ijumaa uliniuliza jambo, simu ikakatika kabla sijakujibu. Ulisema, "Lakini mwanangu, Warusi na Waukraine si ndugu hao? Lugha zao zinakaribiana, dini moja. Wanagombania nini?" Nimetembea na swali hilo wiki nzima.

Hapa kwenye kiwanda cha mikate nafanya zamu ya usiku na mama mmoja wa Kharkiv. Mji huo uko mashariki ya Ukraine, hata kilomita 50 hazifiki ukaingia Urusi. Kirusi ndicho alichokua nacho. Watoto wake amewabembeleza kwa Kirusi, na unga ukiharibika hasira zake zinatoka kwa Kirusi. Ukimsikiliza tu, utasema huyu Mrusi. Kijana mmoja mgeni alimwita hivyo. Mama akaweka chini donge la unga, akajifuta mikono taratibu, akamjibu, "Mimi ni Mukraine. Kirusi ni lugha ya nyumbani kwetu, basi."

Tangu 24 Februari 2022, mabomu yalipoanza kuanguka mtaani kwao, anajilazimisha kusema Kiukraine. Anakwama, Baba. Namwona akitafuta neno, uso umemwiva, mtu mwenye wajukuu. Alinifundisha kutamka palianytsia, mkate wao wa ngano wa duara unaochanjwa juu kabla ya kuingia tanurini. Vita vilipoanza watu walilitumia neno hilo kumpima mgeni, maana ulimi uliozoea Kirusi unateleza pale mwishoni. Naye aliniambia kwamba usiku ule wa kwanza alilirudia peke yake gizani, akiogopa wenzake wasije wakamdhania adui kwa sababu ya ulimi wake.

Na si kwamba wameanza kujiita Waukraine juzi kwa ajili ya vita. Kwenye kura ya maoni ya 1 Desemba 1991, zaidi ya asilimia 90 waliunga mkono uhuru kutoka Muungano wa Kisovieti. Hata Donetsk na Luhansk, mikoa ya mashariki kwenye Kirusi kingi, walivuka asilimia 80. Crimea, rasi iliyo kusini, ndiyo iliyopita kwa shida, asilimia 54. Mwaka 1994, kule Budapest, Ukraine ilikubali kuziachia silaha za nyuklia zilizobaki kwake, na Urusi, Marekani na Uingereza zikaweka saini kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Miaka 20 baadaye Urusi ikaichukua Crimea.

Sitaki nikufiche upande wa pili. Kijana wetu mmoja wa kupakia magari anatoka Donetsk. Kaka yake alibaki kule, akachukua pasipoti ya Urusi, na anaamini kwa dhati kwamba amerudi kwao. Hawaongei tena, na mama yao yuko katikati. Crimea nayo, wakazi wengi ni Warusi kweli. Ilikuwa chini ya jamhuri ya Urusi mpaka 1954, ilipohamishiwa Ukraine, wote wakiwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti. Lakini kuna Watatari wa Crimea, Waislamu wenzetu, waliokuwepo kabla Urusi haijafika. Mwezi Mei 1944 Stalin, mtawala wa Kisovieti, aliwasomba, wazee kwa watoto, kwenye mabehewa ya mizigo hadi Asia ya Kati. Anayehesabu wakazi wa leo ili aseme ardhi ni ya nani, awahesabu na hao.

Baba, wewe una binamu Lunga Lunga, upande wa Kenya. Kidigo chao na chetu ni kimoja, na msiba ukitokea tunavuka Horohoro kwenda kuzika. Sijawahi kukusikia ukisema Lunga Lunga iwe Tanzania kwa kuwa kuna Wadigo. Mwalimu Nyerere alilisimamia hilo kwenye mkutano wa nchi huru za Afrika, Cairo, mwaka 1964: mipaka tuliyoikuta siku ya uhuru tuiheshimu, japo aliichora mkoloni. Siku tatu kabla ya uvamizi, balozi wa Kenya Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, aliwaeleza wakubwa wa Baraza la Usalama jambo hilohilo. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na nilijisikia fahari.

Hata mji huu ninaokaa, hadi 1945 uliitwa Breslau na ulikuwa wa Wajerumani. Wakaondolewa, wakaletwa Wapolandi, wakiwemo waliong'olewa Lviv, ambayo leo iko Ukraine. Nyuma ya kiwanda chetu plasta imebanduka ukutani na herufi za Kijerumani zimetokeza, nadhani lilikuwa duka. Alfajiri moja tukiwa tunapunga hewa, mama wa Kharkiv alizipitisha kidole, moja moja, bila kusema kitu. Kisha akatoa simu akampigia dada yake aliyebaki kule, akaongea naye Kirusi.

Msalimie mama, na bibi mwambie nitampigia Jumapili baada ya adhuhuri.

Mwanao akupendaye