Shukrani kwa dada wa Eden Project

Natoa shukrani za dhati kwa dada mfanyakazi, ambaye sikupata kumuuliza jina, aliyemsaidia mama yangu tulipotembelea Eden Project, ile bustani kubwa ya Cornwall, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 2001 ndani ya shimo lililoachwa baada ya kuchimbwa udongo mweupe wa kaure. Joto la kuba la humo bustanini, linalooteshewa mimea ya msitu wa mvua wa nchi za joto, lilimzidi mama, naye alikuwa bado amevaa koti zito la baridi, akashikwa na kizunguzungu. Dada, ulimkalisha, ukamletea maji, ukamlegezea mtandio shingoni kwa heshima, kisha ukakaa naye bila haraka hadi alipoinua mkono kupapasa jani la mgomba na kutabasamu kama aliye shambani kwake Bukoba. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema.