Akili mnemba itupangie foleni ya macho

Mhariri,

Tukipaka chokaa ukutani, ilimrukia mwanangu jichoni. Zahanati tuliambiwa tusubiri zamu. Tulikaa kwenye benchi saa nzima, mtoto kafumba jicho, machozi meupe yakimtiririka. Chokaa huunguza jicho. Angepaswa kuoshwa kwa maji mengi safi papo hapo, hata nusu saa.

Mwaka 2018 hospitali ya Moorfields, London, na DeepMind, kampuni ya akili mnemba ya Google, walionyesha akili mnemba ikisoma picha za retina, utando wa nyuma ya jicho, na kusema nani awahishwe, sawa na mabingwa. Mashine za kupiga picha hizo ni ghali. Lakini programu ya simu ya kumuuliza mpokea wagonjwa kilichoingia jichoni na saa ngapi, kisha iseme nani awahishwe, Wizara ya Afya ingeijaribu, mabingwa wetu wakiikagua.

Mzazi,
Morogoro